Buibui Limegeuka Jivu: Kutafuta Weusi Uliopotea Katika Picha za Printa ya Wino

Mama mmoja wa Mkomani aliniletea picha ya harusi ya dada yake, ya miaka mingi, nimkuzie iwe ya kutundika ukutani. Wanawake watatu wamesimama mbele ya mlango wa nakshi, mabuibui yameshuka mpaka chini, na nyuma yao mlango uko wazi, ndani giza. Nikaiskani, nikaichapa kwenye karatasi nzuri ya pamba, nikamkabidhi. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akanirudishia.

"Mwanangu, mato yangu yaona bado. Hili si buibui, hili ni jivu."

Alisema kweli. Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: nikarudi kwenye kompyuta, nikaongeza giza, nikachapa tena. Picha ya pili ilikuwa na giza zaidi lakini haikuwa nyeusi zaidi. Mabuibui yalibaki majivu yale yale, na sasa nakshi za mlango nazo zilikuwa zimezama. Nikaongeza tena. Karatasi tatu za bei ghali zikaenda hivyo kabla sijatulia na kuanza kutafuta kosa kwa utaratibu.

Printa ikishafika mwisho wa weusi wake, kuiamuru zaidi hakuongezi kitu. Weusi unaokosekana umepotelea mahali fulani: ndani ya faili, kwenye mipangilio, kati ya wino na karatasi, au kwenye mwanga na jicho la mtazamaji. Kazi yetu ni kujua ni wapi, na wala si kubahatisha.

Kabla ya kugusa picha, chapa mkanda

Fungua programu yoyote ya kuhariri picha, chukua ukurasa mweupe, uchore visanduku 21 mfululizo. Cha kwanza kiwe cheusi kabisa, asilimia 100. Cha pili 95, cha tatu 90, ushuke tano tano hivyo mpaka weupe wa karatasi. Kichape kipande hicho kwa mipangilio ile ile iliyokuharibia picha, karatasi ile ile, wino ule ule. Usibadilishe lolote, maana unachotafuta ni kosa lenyewe.

Acha kikauke. Weusi wa karatasi isiyong'aa ukiwa mbichi huonekana mzito kuliko utakavyokuwa ukishakauka, na nimeshawahi kufurahia kazi jioni nikaikuta asubuhi imenywea. Ukiweza, ngoja mpaka kesho yake.

Kisha chukua kadi nyeupe, itoboe matundu mawili kwa mashine ya kutobolea karatasi za faili, yakae kwa umbali wa kisanduku kimoja hadi kingine. Ilaze juu ya mkanda, tundu moja kwenye 100, jingine kwenye 95. Jicho hudanganywa na majirani: kijivu kikizungukwa na cheupe huonekana cheusi, kikizungukwa na cheusi huonekana cheupe. Kadi inawafunika majirani wote, unabaki na rangi mbili tu za kulinganisha. Isogeze kadi kidogo kidogo mpaka mwisho wa mkanda.

Sasa soma. Ikiwa kisanduku cha 100 chenyewe kimepauka, picha yako haina hatia. Kosa liko kwenye wino, karatasi au mipangilio. Ikiwa cha 100 ni cheusi tititi lakini picha imetoka hafifu, printa haina hatia. Rudi kwenye faili. Ikiwa 100, 95, 90 na 85 vyote ni kitu kimoja, weusi upo ila umemeza kila kilichokuwa kivulini. Na ikiwa mkanda una ukijani au uzambarau, michirizi au madoa, kila dalili ina chanzo chake. Tuzichukue moja moja.

Mkanda wenyewe umepauka

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo nilipomkuta mchawi wangu.

Kwanza ujue karatasi yako inaweza kufika wapi. Simama forodhani maji yakianza kutoka, utazame ubavu wa jahazi lililofungwa pale. Sehemu iliyolowa ni nyeusi. Sehemu ya juu iliyokauka imepauka, na mbao ni zile zile. Maji yameufanya uso uwe laini, mwanga unadunda upande mmoja kama kwenye kioo, na ukisimama nje ya njia yake unaona weusi mtupu. Uso mkavu wenye vinyweleo unautawanya mwanga kila upande, kwa hiyo popote utakaposimama kuna mwanga kidogo unaokufikia na kuupausha weusi. Karatasi ya kung'aa, tunayoiita glosi, ni ubavu uliolowa. Karatasi isiyong'aa, ile ya mati, ni ubavu uliokauka.

Wanaopima kwa densitometa, kifaa cha kupimia weusi, hulisema jambo hili kwa namba inayoitwa densiti. Densiti ya 1 maana yake karatasi inarudisha asilimia 10 ya mwanga. Densiti ya 2, asilimia 1. Karatasi nzuri ya mati hufika karibu 1.6 au 1.7, yaani inarudisha mwanga wa kama asilimia 2 au 2.5. Glosi nzuri, au zile karatasi zenye tabaka la barita (madini meupe yaliyopakwa chini ya tabaka la wino), hufika 2.3 na kuzidi, yaani nusu asilimia. Kwa hiyo weusi wa mati hurudisha mwanga mara nne au tano kuliko weusi wa glosi. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoifuta tofauti hiyo. Kama mteja anataka weusi wa kuzama ndani kama kisima, mpe glosi au barita tangu mwanzo. Mimi binafsi bado naipenda mati kwa picha za zamani, kwa sababu haina mng'ao wa kusumbua na ukiishika inafanana na kitu cha kuhifadhiwa. Lakini siidai kile ambacho si chake.

Kama mati yako haifiki hata huko inakoweza kufika, tazama wino. Printa za picha zinazotumia wino wa pigmenti, yaani wino wenye chembe za rangi zinazoelea ndani yake, huwa na wino mweusi wa aina mbili. Mmoja umeandikwa PK (Photo Black), nao ni wa karatasi za kung'aa. Mwingine umeandikwa MK (Matte Black), nao ni wa mati. Hazibadilishani kazi. PK ukimwagwa kwenye mati hunywewa na nyuzi za karatasi, chembe zinazama ndani badala ya kubaki juu, na unachokiona ni kijivu kilichokolea, kama mkaa uliopulizwa majivu. MK kwenye glosi ni balaa jingine: haushiki, unakaa juu kama masizi, ukipitisha kidole unaondoka nacho.

Hilo ndilo lililoliua buibui la yule mama. Kazi ya kabla yake ilikuwa picha za mahafali kwenye glosi. Nilibadilisha karatasi nikaweka ya pamba, lakini kwenye dirisha la printa sikubadilisha aina ya karatasi. Printa haina macho. Inaamini unachoiambia. Niliiambia glosi, ikatoa PK, ikaumwaga kwenye pamba.

Kwa hiyo ukifungua dirisha la kuchapa, mstari wa aina ya karatasi ndio wa kwanza kuutazama, na sio jina tu. Mstari huo ndio unaoamua ni weusi gani utumike, umwagwe wino kiasi gani, na wakati mwingine hata kichwa cha printa kikae juu kiasi gani. Ukiuacha kwenye karatasi ya kawaida, ile ya fotokopi, printa itatoa wino mchache kwa hofu ya kulowesha karatasi, na picha itatoka imechoka. Vivyo hivyo ubora wa kuchapa ukiwa kwenye rasimu.

Kuhusu kubadilisha kati ya PK na MK, printa hutofautiana. Kwenye Epson Stylus Photo R2400 ya mwaka 2005 ilibidi utoe katriji moja kwa mkono uweke nyingine. Baadaye zikaja kama SureColor P800, ambamo zote mbili zimo lakini zinapita mlango mmoja, na kila ukibadilisha printa inamwaga wino wa kusafisha njia. SureColor P700 na P900 za mwaka 2020 zina njia mbili tofauti, na Canon PRO-1000 nayo ni hivyo. Kama yako ni ya kumwaga, panga kazi: wiki ya glosi, wiki ya mati. Usibadilishe kwa ajili ya picha moja.

Wengi wetu visiwani hatuna printa hizo. Tuna printa za tangi zenye chupa nne, zilizonunuliwa kwa ajili ya fomu, vyeti na picha za pasipoti. Hapa kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii. Katika baadhi ya printa hizo, chupa nyeusi ina wino wa pigmenti kwa ajili ya maandishi tu. Ukichagua karatasi ya glosi, printa inaiacha chupa hiyo kabisa na inatengeneza weusi kwa kuchanganya samawati, majenta na manjano. Mchanganyiko huo huishia kwenye hudhurungi iliyokolea au kijani cha matope, na weusi wa kweli haufiki. Kuipima ni rahisi: chapa kisanduku cha kijivu cha asilimia 50, washa kamera ya simu, ikaribishe mpaka mwisho, uangalie. Ukiona vitone vya buluu, vyekundu na manjano tupu, bila hata kitone kimoja cheusi, ndiyo hiyo. Dawa yake si moja. Unaweza kujaribu karatasi ya mati ya bei nafuu na mpangilio wa mati, maana kwa baadhi ya printa hapo chupa nyeusi huruhusiwa kufanya kazi. Au utafute printa ambayo wino wake mweusi ni wa rangi iliyoyeyushwa, kama zile za rangi sita aina ya Epson L805 na L1800, ambazo mweusi wake unaingia kwenye picha za glosi. Kwa pesa ya duka dogo, hizo za rangi sita ndizo ningezichagua.

Kuna na kosa la upande. Karatasi nyingi zina tabaka la kupokelea wino upande mmoja tu. Ukichapa mgongoni, wino unatawanyika, weusi unakuwa wa tope na kingo zinaota ndevu. Kwenye glosi utaliona mara moja. Kwenye mati si rahisi, hasa chumba kikiwa na mwanga hafifu. Lowesha kidole kwa mate kidogo, ubonyeze pembeni kabisa mwa karatasi: upande wenye tabaka unanata.

La mwisho hapa ni wino wenyewe. Siwalaumu wanaonunua wino wa kujazia wa bei rahisi. Mzigo wa kufika kisiwani ni mkubwa na kila shilingi inahesabiwa. Lakini wino wa kampuni nyingine haufuati hesabu ya mipangilio ya printa yako, na weusi ndio wa kwanza kuonyesha. Kama ni lazima, nunua chapa moja na ubaki nayo, uchape mkanda kwa kila chupa mpya. Katriji kubwa za pigmenti zilizokaa muda mrefu zitikise taratibu kama kitabu cha maelekezo kinavyosema, kwa sababu chembe hutuama chini.

Mkanda ni mweusi, picha ndiyo imepauka

Hapa kazi ni nyepesi zaidi. Fungua histogramu ya picha, ule mchoro wa vilima unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Kilima kikianza mbali na ukuta wa kushoto, faili lako halina weusi. Picha za kuskani kutoka albamu za zamani karibu zote ziko hivyo, kwa sababu karatasi imefifia na weusi wake umeshakuwa hudhurungi. Kwenye kipimo cha 0 hadi 255, sehemu nyeusi kuliko zote inaweza kuwa 40 au 50. Vuta kipembetatu cha kushoto kilicho chini ya mchoro mpaka kiguse mwanzo wa kilima, basi. Usikivute kikaingia ndani ya kilima.

Nina maoni yangu kuhusu mabuibui, na nayasema kwa nguvu kwa sababu nimeona mabuibui mengi yakiharibiwa: buibui lisiwe sifuri. Ukililaza lote kwenye sifuri linakuwa shimo lililokatwa kwa mkasi katikati ya picha. Acha sifuri kwa nafasi ndogo, kwa mfano uwazi ulio chini ya mlango au kivuli kilicho ndani ya mkunjo mkubwa, na kitambaa chenyewe kikae kati ya 12 na 30, mikunjo ionekane kwa shida. Jicho likiona mkunjo ndani ya weusi, linauamini weusi. Likikosa kitu cha kushika, linaona wino tu.

Halafu kuna WhatsApp. Nusu ya picha zinazonifikia zimepita huko, na huko picha hupunguzwa na kubanwa. Kinachoumia kwanza ni vivuli: vinavunjika vipande vya mraba, na ukivuta weusi vipande hivyo vinatoka kama vigae. Mwambie mteja akutumie picha kama dokumenti, au alete simu yenyewe na waya.

Weusi umemeza kila kitu

Mkanda unaonyesha visanduku vinne au vitano vya mwanzo vimeshikana. Picha ina giza lakini haina undani: nywele zimekuwa kofia, paa la makuti limekuwa doa.

Mara nyingi sababu ni kuwa kompyuta na printa zote mbili zinarekebisha rangi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chagua nahodha mmoja. Kama programu ya picha ndiyo inayotumia profaili ya karatasi, yaani faili linaloeleza jinsi karatasi hiyo na wino vinavyotoa rangi, nenda kwenye dirisha la printa uzime marekebisho ya rangi kabisa. Kama unatumia hali ya nyeusi na nyeupe ya printa yenyewe, iambie programu kuwa printa ndiyo itakayosimamia rangi. Zote mbili zikiwashwa, picha inarekebishwa mara mbili.

Ukiwa unatumia profaili, tafuta kisanduku cha fidia ya weusi (Black Point Compensation), ukiwashe. Bila fidia, kila kilicho cheusi kuliko uwezo wa karatasi huangukia pamoja kwenye shimo moja, na kwenye mati shimo hilo ni pana. Ukiiwasha, sifuri ya faili inaunganishwa na weusi wa mwisho wa karatasi, na vilivyo juu yake vinapangwa upya kwa uwiano.

Hali ya nyeusi na nyeupe ya printa za Epson huwa na orodha ya toni, na kwa kawaida haijawekwa kwenye nyepesi. Chapa mkanda kwa toni iliyopo, kisha kwa iliyo nyepesi hatua moja, ulinganishe 100 na 95 kwa kadi.

Kwenye mati angalia dalili moja ya ajabu: kisanduku cha 95 kuwa cheusi kuliko cha 100. Wino umezidi. Baada ya kiasi fulani karatasi ya mati haiongezi weusi tena, bali weusi unaanza kurudi nyuma, wino unakusanyika na kutoa mng'ao mchafu. Punguza kiwango cha wino kwenye mipangilio ya karatasi kwa asilimia 5, uchape mkanda, upunguze tena kama bado. Anayetaka kushika usukani mwenyewe atafute programu ya QuadToneRIP, iliyotengenezwa na Roy Harrington. Inakuruhusu kuweka kikomo cha kila wino kwa karatasi moja moja. Kujifunza kwake ni kazi, lakini kwa picha za nyeusi na nyeupe ni kazi yenye malipo.

Na kabla hujalaumu chochote, punguza mwanga wa skrini. Karakana yangu inaelekea bahari, na kwa miaka nilikuwa nafungua mwanga wa skrini mpaka mwisho ili nione. Picha ikipendeza kwenye skrini kali namna hiyo, kwenye karatasi lazima itoke na giza. Skrini ya kazi ya kuchapa inafaa iwe kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba. Kama huna kifaa cha kupimia, shika karatasi nyeupe tupu kando ya skrini iliyofunguliwa ukurasa mweupe, na ushushe mwanga mpaka viwili hivyo vikaribiane. Sogeza meza mbali na mlango.

Weusi una rangi

Ukiona mkanda unaelekea kijani, zambarau au hudhurungi, printa inachanganya rangi ili kupata kijivu. Uangalie weusi huo kwenye mwanga tofauti: chini ya taa ya LED unaweza kuwa kijani, ukitoka nje kwenye jua unakuwa zambarau. Tumia hali ya nyeusi na nyeupe kama printa inayo, kwa kuwa hiyo hutegemea zaidi wino mweusi na wino wa kijivu, na rangi zinaongezwa kidogo tu. Ndiyo faida ya printa zenye weusi watatu, yule kamili na wawili hafifu, mtindo ambao R2400 niliyoitaja ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuleta upande wa Epson. Kwa printa ya tangi la chupa nne, ukubali joto kidogo la hudhurungi na uliegemee kwa makusudi. Picha ya zamani yenye weusi wa kahawa inapendeza. Yenye weusi wa kijani haipendezi popote.

Michirizi, madoa na vitone vyeupe

Michirizi myembamba ya mlalo ni matundu ya kichwa yaliyoziba. Chapa ukaguzi wa matundu, usafishe mara moja, uchape tena. Ukishasafisha mara tatu bila mabadiliko, zima printa uiache usiku mzima. Wino mkavu mara nyingi hulainika wenyewe. Kuendelea kusafisha mfululizo ni kumwaga wino na kujaza sifongo cha taka. Printa isiyotumika huziba upesi, kwa hiyo chapa japo ukurasa mdogo wenye rangi zote kila baada ya siku tatu nne.

Weusi wenye mawimbi, kama ngozi ya mtu aliyeoga maji ya chumvi, ni unyevu. Hapa kwetu hewa haikauki, na masika ndiyo zaidi. Karatasi iliyoachwa wazi mezani inavuta unyevu, inajikunja, haipokei tena wino sawasawa, na kona zilizoinuka zinagusa kichwa na kuacha alama za masizi. Toa karatasi unazohitaji tu, funga mfuko, uweke ndani vifuko vya silika vile vinavyokuja na masanduku ya viatu. Kama unaweka karatasi kwenye chumba cha eya kondishena, ukizitoa ziache ndani ya mfuko wake nusu saa zizoee joto kabla hujaufungua.

Vitone vyeupe ndani ya weusi vilinichukua muda kuvielewa. Karatasi ilitoka safi, kesho yake nikipangusa, vitone vinatokea. Karakana yangu iko kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa, na chokaa hudondoka unga mwembamba usioonekana. Unga ule unalala juu ya karatasi, wino unachapwa juu ya unga, unga unaanguka, mahali pake pabaki peupe. Karatasi za pamba nazo zina nyuzi zake zinazofanya vivyo hivyo. Sasa kila karatasi naiinamisha na kuipiga brashi laini mara tatu kabla ya kuilisha printa, na trei naifunika kitambaa usiku.

Mng'ao wa shaba, na weusi unaotoka kwa kidole

Weusi wa pigmenti kwenye glosi kali ukiutazama kwa pembeni unaweza kung'aa kama shaba. Badilisha uende karatasi ya nusu mng'ao au ya barita, au tumia printa yenye tabaka la uwazi la kufunika. Weusi unaotoka kwa kidole ni MK kwenye glosi, au picha haijakauka. Dawa ya kupuliza ya kulinda picha inasaidia mati: inazuia mikwaruzo na huongeza weusi kidogo. Puliza nje, upepo wa kusi ukiwa umetulia.

Ukutani

Picha inaweza kutoka sawa na ikaharibikia ukutani. Kioo cha fremu kikitazamana na mlango wa barabarani, ukuta mweupe wa jirani unaingia ndani ya weusi wako wote. Tundika ukuta wa pembeni, si ule unaoukabili mlango. Na muulize mwenye picha itakaa wapi. Vyumba vya ndani vya nyumba zetu za zamani vina mwanga mchache, na katika mwanga mchache vivuli hushikana. Picha ya huko inataka vivuli viinuliwe kidogo kuliko picha ya duka la kando ya bahari.

Yule mama alisema itakaa chumba cha ndani. Nikaweka mati, nikahakikisha dirisha limeandikwa mati, nikainua vivuli, nikachapa. Ilipokauka nikampelekea mwenyewe. Aliitazama akiwa amekaa, kisha akasimama nayo akaenda mlangoni kwenye mwanga. Akaweka kidole kwenye giza la nyuma ya wale wanawake, mahali ambapo kwenye picha yake ndogo hapakuwa na kitu.

"Dele la kahawa la mama," akasema. "Lile la shaba. Lalikuwa likikaa papo hapo."

Akaagiza nakala mbili, moja ya dada yake. Mkanda wa siku ile nimeubandika juu ya printa, na nyuma yake nimeandika kwa kalamu ya risasi: pamba, MK, aina ya karatasi mati, rangi zisimamiwe na printa, toni nyepesi hatua moja, wino punguza 5, kauka usiku mmoja.